Shangazi Vikopo na Miche Iliyokonda

"Mama Bonge, umesikia? Shangazi Vikopo ameanza kuifunga miche yake hirizi."

Aliyesema hivyo ni Fundi, mshonaji wa chumba cha kona, mwanamke ambaye cherehani yake ikinyamaza mdomo wake hupokea zamu. Walikuwa bombani. Ndoo ya Fundi ilikuwa ikijaa taratibu, na Mama Bonge alikuwa akisubiri zamu yake huku mtoto amelala mgongoni.

"Hirizi gani tena, Fundi?"

"Nyeusi! Nimeiona kwa macho yangu haya. Jani limezungushiwa kitu cheusi, kimebanwa na kibanio cha nywele. Sasa niambie wewe, mtu mzima anafunga jani kitu cheusi kwa heri gani? Na mjinga wa kwanza ni mimi, maana karatasi alikuja kuniomba mimi. Ile ya kaboni, ninayochorea mishono kwenye kitambaa. Nikamkatia kipande, nikajua anataka kujishonea gauni. Kumbe nimechangia uchawi!"

"Labda ana sababu yake."

"Sababu anayo, mwenzangu. Tangu yule jirani wa nyuma apandishe ghorofa, miche ya watu imekonda kama imefiwa. Na mtu akikosa pa kushika, hushika popote. Lisemwalo lipo."

Mama Bonge aliinamisha uso akajifanya anakaza mbeleko. Hakutaka Fundi amwone anacheka. Kibanio kile kilikuwa chake, na jani lile alilifunga yeye kwa mikono yake.

Shangazi Vikopo hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale uani. Alipohamia, mpangaji mmoja alimwamkia "shikamoo shangazi" kwa kukosa jina, na wengine wakafuata. Hilo la Vikopo lilikuja lenyewe. Chumba chake kilikuwa cha mwisho kabisa, kule nyuma, na nje ya mlango wake kulikuwa na kipande cha ardhi ambacho hakuna mpangaji mwingine aliyekitaka, kwa sababu hapo zamani palitupwa vifusi. Shangazi alivibeba vifusi vile kwa karai, akapasafisha, akapanga makopo. Kulikuwa na makopo ya maziwa ya unga, ya rangi, ya mafuta ya kupikia, na vikombe vya plastiki vilivyokwisha kazi yake. Kila kimoja alikitoboa chini kwa msumari kabla ya kukitia udongo. "Kopo lisilo na tundu," alikuwa akisema, "ni kaburi lenye rangi."

Kabla ya hapo alikuwa mfagiaji katika shamba moja la maua, yale yanayokuzwa chini ya mahema ya plastiki. Miaka mingi alifagia majani ya wenzake huku akitazama wanavyosia mbegu na kuhamisha miche. Hakuna aliyemfundisha, ila hakuna aliyemziba macho. Magoti yalipoanza kumgomea, wakampa mkono wa kwaheri. Alitoka na ndala zake na vidole vilivyojua kuchomoa mche bila kuukata mzizi, jambo ambalo si dogo. Ukitaka kujua si dogo, jaribu.

Alikuza nyanya, mbilingani na pilipili hoho. Wateja wake walikuwa wakulima wa mboga wa kule bondeni, ambao kila mvua zinapokaribia walipita na mikokoteni yao kuchukua miche. Walimpenda kwa sababu alikuwa hajui kusifia mali yake. Mkulima akinyoosha mkono kwenye kopo, Shangazi humwambia, "Huo uache. Huo ni mrefu wa bure, utakulalia chini upepo wa kwanza." Mtu akiambiwa hivyo na muuzaji, mwaka wa pili haendi kwingine.

Alikuwa mjane asiye na mtoto. Alikuwa na kaka, na kaka huyo kila mara alimtumia ujumbe kwamba aache kuhangaika, aende akae kwake. Shangazi alikuwa na jibu moja tu: miche haijakomaa. Ukweli ni kwamba kwa kaka kulikuwa na wifi, na wifi yule alikuwa na namna ya kukukaribisha chakula inayokufanya ushibe kabla hujanawa mikono. Shangazi alikaa kule msimu mmoja baada ya kufiwa. Aliporudi alimwambia Mama Bonge, "Mwanangu, afadhali nile ugali mkavu uliopikwa na mkono huu kuliko wali unaohesabiwa punje."

Kwa hiyo ghorofa ya jirani ilipoanza kupanda, haikuwa habari ya ujenzi tu. Mwanzoni Shangazi hakuhisi kitu. Mafundi walipanga matofali, wakaimba, wakashuka kula, wakapanda tena. Halafu siku moja ukuta ulikuwa umesimama, mrefu, haujapigwa lipu, na kile kipande cha ardhi cha nyuma kikawa kama ndani ya kabati. Si giza, unaona vizuri, hata uzi kwenye sindano ungeuingiza. Ila jua lenyewe halikufika tena.

Miche ikaanza kurefuka. Shangazi alifurahi siku za kwanza, akasema msimu huu inakimbia. Kisha akaona inavyokimbia: shina jembamba kama njiti, majani madogo yaliyo mbalimbali, rangi ya kijani iliyochujuka kama kitenge cha zamani. Yote iliinama upande mmoja, kule ambako ukuta uliisha na kipande cha anga kilionekana, kama watu wanaochungulia harusi dirishani.

"Wana njaa," Shangazi akasema. Miche yake aliiita kama watu.

Na mtu mwenye njaa hulishwa. Akaenda kuomba samadi ya kuku kwa mfugaji wa mtaa wa pili, akaichanganya, akaitia kwenye makopo. Baada ya siku chache aliongeza tena, na maji juu yake. Ncha za majani zikakauka zikawa za kahawia. Baadhi ya miche ya nyanya ikalala, ikaoza pale shina linapoingia udongoni. Mkulima mmoja alipita kuangalia maendeleo, akasimama, akashika kidevu, akasema atarudi. Alivyosema "nitarudi" hata mtoto angejua kwamba anaelekea kwenye kitalu kikubwa cha barabarani.

Jioni ile Shangazi alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, mikono imelala mapajani viganja juu. Mama Bonge alimpelekea chai. Shangazi aliishika tu.

"Hawa wa bondeni wakiondoka kwangu mara moja, ndio wameondoka," akasema. "Na kaka yangu safari hii nitamjibu nini?"

Mama Bonge alichutama kando yake. Alikuwa mama kijana, wa mtoto mmoja, aliyeishia darasa la saba, na mambo ya miche hayakuwa yake. Ila alikuwa na tabia ya kutazama. Anaponyonyesha hana la kufanya kwa macho, basi macho yanatembea. Asubuhi iliyofuata alikuwa ameketi mlangoni kwake akimnyonyesha Bonge, mtoto aliyezaliwa mnene mpaka mkunga akampa jina kabla ya baba yake, na macho yakaangukia lile kopo analozuilia mlango usijibamize.

Ndani ya kopo kulikuwa na mche wa mbilingani. Shangazi aliutupa zamani, akisema umedumaa, na Mama Bonge akauokota kwa ajili ya uzito wa kopo, si kwa ajili ya mche. Udongo wake ulikuwa mgumu kama tofali. Samadi haukuijua. Maji yake yalikuwa yale ya kusuuzia vikombe, siku akikumbuka. Na mche ule ulikuwa mfupi, mnene, shina lina zambarau, majani mapana ya kijani kizito yenye vinyweleo, umesimama kama askari wa zamu.

Alimngojea Bonge ashibe, akalibeba kopo hadi nyuma.

Shangazi aliuzunguka mche ule. Akaushika shina kwa vidole viwili, akainama akanusa udongo.

"Umeutilia nini huu?"

"Sijatia kitu, Shangazi."

"Usinifiche, mwanangu. Mimi si mke mwenzio."

"Haki ya nani tena! Maji ya vikombe. Unakaa pale mlangoni, asubuhi jua linaupiga, basi."

Alipotamka jua, neno moja lilimjia kutoka mbali, na aliona haya kidogo kulitoa mbele ya mtu mzima.

"Shule tuliita usanisinuru," akasema.

"Usani nini?"

"Usanisinuru. Mmea unajipikia chakula kwa mwanga." Neno hilo alilikariri zamani kama mtu anavyokariri wimbo wa lugha asiyoijua. Lilimpatia alama kwenye mtihani, kisha likalala. Sasa lilikuwa likiamka kipande kwa kipande, na yeye akalisema kwa namna alivyolielewa. "Mwalimu alisema jani ndilo jiko. Mizizi inaleta maji. Chini ya jani kuna vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, hapo inaingia hewa. Ule ukijani wenyewe ndio unaokamata jua. Maji na hewa vinapikwa humo, inatoka sukari, na sukari ikizidi jani linaiweka akiba, inakuwa wanga."

Shangazi alimtazama kama anayetazama mtu aliyekuja kuuza kitu mlangoni.

"Jua halina uzito, Mama Bonge. Kitu kisicho na uzito kitajazaje tumbo?"

"Hata moto hauna uzito. Lakini bila moto unga unabaki unga."

"Na unga wenyewe ndio hewa?"

"Hewa na maji."

"Hewa hii?" Shangazi alipunga mkono, akafunga ngumi, akaifungua akakitazama kiganja. "Hii hii?"

"Ndivyo walivyotuambia."

"Na samadi yangu?"

Hapo Mama Bonge alisita. Aliziona zile ncha za majani zilizoungua, akamwona na yule aliyezibebea samadi kwa magoti mabovu. "Samadi ni kama chumvi, Shangazi," akasema polepole. "Lazima iwepo. Lakini chumvi haishibishi. Na ikizidi..."

"Ikizidi inaunguza." Shangazi alimaliza mwenyewe. Akanyanyuka akapangusa magoti. "Hayo ni maneno ya shule. Maneno hata kasuku anayo. Mimi nionyeshe."

Ndipo lilipokuja lile la karatasi. Mama Bonge alikumbuka mwalimu wao wa sayansi alivyofunika sehemu ya jani kwa karatasi nyeusi akaliacha juani. Shangazi akaenda kwa Fundi. Mama Bonge akachomoa kibanio kichwani, akakata ukanda wa kaboni, akauzungushia katikati ya jani pana kuliko yote la ule mbilingani wa mlangoni, akabana. Wakaurudisha mche mlangoni kwa Mama Bonge, juani. Na Fundi, ambaye mlango wake unatazama kila mlango, akaona hirizi kwenye kopo la Shangazi.

Siku ya kulifungua jani, Shangazi aliagizwa asubiri mchana, jua likishafanya kazi yake. Mama Bonge alikuwa ameleta kutoka duka la dawa chupa ya spiriti na ile dawa ya vidonda ya kahawia iitwayo ayodini. Walichuma jani, wakaondoa karatasi. Pale palipofunikwa palikuwa pamepauka kidogo tu. Shangazi akaguna, haikumtosha.

"Ngoja," Mama Bonge akasema.

Ndani kwa Mama Bonge maji yalichemka kwenye sufuria. Akatumbukiza jani likalegea, akalitoa. Kisha akazima jiko kabisa, akalipeleka mbali, kwa sababu hilo nalo alilikumbuka: mwalimu aligombeza darasa zima kwamba spiriti na moto havikai meza moja. Akalitia jani kwenye kikombe cha spiriti, akakisimamisha kikombe ndani ya yale maji ya moto.

"Hee!" Sauti ilitoka mlangoni. Fundi alikuwa amesimama, futi ya kupimia shingoni, macho yamemtoka. "Sasa mnaipika hirizi?"

"Ingia, Fundi," Shangazi akasema bila kugeuka. "Karatasi ni yako. Kama ni uchawi tutafungwa wote."

Fundi aliingia, lakini alibaki karibu na mlango, mguu mmoja nje.

Spiriti ikageuka kijani. Jani likawa linapauka, linapauka, mpaka likabaki jeupe kama kitambaa kilicholowekwa na dawa ya madoa. Mama Bonge alilisuuza, akalitandaza kwenye kisosi. Alikuwa na hofu kwamba labda alikumbuka vibaya, na mtu mzima huyu alikuwa amemwamini. Akadondosha dawa ya kahawia tone kwa tone.

Kwanza hakukuwa na kitu. Halafu jani likaanza kuwa jeusi, weusi wa bluu kama wino uliomwagika, kuanzia pembeni kuingia ndani. Likajaa lote, isipokuwa katikati. Pale karatasi ilipokuwa, ukanda ulibaki na rangi ya dawa tu, umekatika sawasawa kama pindo la nguo.

"Weusi ndio wanga," Mama Bonge akasema. "Ndio chakula. Pale kati hapakupata jua, hapakupika."

Mguu wa Fundi ulikuwa umeshaingia ndani wenyewe. "Jani moja," akasema kwa sauti ndogo isiyo yake. "Huku limekula, huku limelala njaa. Na mzizi ni mmoja!"

Shangazi alikishika kile kisosi akakisogeza kwenye mwanga wa mlango.

"Kwa hiyo miaka yote nimejiita mpishi," akasema, "kumbe mimi ni mchota maji."

"Mchota maji naye ana heshima yake," Fundi akasema. "Mimi nilijua ni mchawi."

Walicheka mpaka Bonge akaamka. Lakini Shangazi alikuwa wa kwanza kuacha kucheka. Alitoka akaenda nyuma, na wao wakamfuata. Alikuwa ameshaanza kazi: anachomoa ile iliyooza, anaitupa, ile ya nyanya iliyorefuka lakini bado hai anaitenga. Hapa hakuhitaji kuambiwa na mtu. Nyanya ukiihamishia kwenye udongo usio na samadi nyingi na ukalifukia shina hadi karibu na shingo, alisema, hutoa mizizi mipya pale pale shinani, ikapata miguu tena. Mbilingani na hoho hazikubali kuzikwa hivyo, lakini hazikuwa zimeharibika sana. Alikuwa anaweza kuiokoa mingi. Alichokosa ni pa kuiweka.

Kwa hiyo wakalitafuta jua. Kesho yake Shangazi alilifuata uani kama mtu anayemfuata mdeni wake, kiti mkononi. Nyuma halikufika kabisa. Kwa Fundi lilifika alasiri, lakini hapo ndipo wateja waliposimama kupimwa, na Fundi alijitolea nafasi ya makopo machache chini ya dirisha, akasema yakimwagwa asilaumiwe. Juu ya tangi la maji palikuwa na jua kutwa, ila kwa magoti yale ingekuwa kujitakia kilema. Njiani hapakufaa, mbuzi wa mtaa hawana adabu.

Pakabaki ukuta wa chumba cha Mama Bonge. Ukuta ule ulitazama mashariki, na jua likichomoza lilikaa pale hadi karibu na saa sita, likiwa laini kwanza, kisha kali. Uani kote hapakuwa na pengine pa namna hiyo. Na kwenye ukuta ule, toka pembe hadi pembe, ilikuwapo kamba aliyoifunga Baba Bonge kabla ya kusafiri kikazi, na kwenye kamba zilining'inia nepi. Tangu ghorofa ile isimame, nguo za kila mtu zilikuwa zikikauka kwa kubahatisha. Mama Bonge aliwahi kuzianika kwingine, zikabaki na unyevu, Bonge akatoka upele mapajani, akalia usiku kucha na mama yake akalia naye. Uani wote walijua. Hakuna aliyeigusa kamba ile.

Shangazi alifika hapo na kiti chake, akakitua, asikae. Akazitazama nepi, akalitazama jua lilivyozipiga, akageuza uso haraka kama aliyeona asichotakiwa kuona. Akarudi kwake.

Mama Bonge alimwona. Akaendelea kuzigeuza nepi. Siku nzima alimwona Shangazi akihamisha miche kwenye udongo mpya, akiipanga pale pale kivulini, bila kuongea nayo kama kawaida yake. Jioni, kaka yake Shangazi alipiga simu. Sauti ya kiume ilisikika hadi nje, ikiuliza kama atume mtu wa kuja kumbebea mizigo. Shangazi alimjibu kwamba atampigia.

Asubuhi iliyofuata Mama Bonge alikuwa ameshika beseni la nepi alizozifua, bado hajaanika hata moja, alipogeuka akamkuta Shangazi amesimama nyuma yake. Alikuwa amejifunga leso safi, kama mtu aliyekwenda kuposa.

"Umeamkaje, mwanangu?"

"Salama. Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Mtoto ameamkaje?"

"Mzima. Analala tu."

"Na baba yake huko aliko?"

"Hajambo, alipiga jana."

"Ni vizuri." Shangazi alitazama beseni, akatazama ukuta, ambao tayari ulikuwa umeanza kuwa wa rangi ya dhahabu upande wa juu. Akavuta pumzi.

"Nimezunguka usiku kucha na maneno haya, hayakai popote," akasema. "Nitayatoa hivyo hivyo, na ukikataa hatutakosana, maana afya ya mtoto haichezewi. Naomba unigawie ukuta huu asubuhi tu, mpaka watu wa bondeni waje wachukue miche yao. Jua likishauacha, makopo nitayaondoa mimi. Na nepi, nipe mimi hizo. Zitakazoenea bila kuyatia makopo kivuli nitazianika kwenye kamba hiyo hiyo, na itakayobaki na unyevu nitaipiga pasi kwa mkono wangu mpaka ikauke, kila siku, hata ziwe ngapi."

Mama Bonge alimkabidhi beseni, akaenda nyuma kuyafuata makopo.